Debe Lililovimba

Siku ya ishirini na moja ya kufunga
nilikuwa mwepesi kama gome la mzinga mkavu.
Nilipanda mwambani nyuma ya Sikonge, jogoo hajajua,
nikapiga magoti mpaka kokoto zikaniandika.
Nguvu, Bwana. Nilisema hivyo tu.
Nguvu kama ya mwinjilisti Mihayo,
aliyeikemea homa kule Ipole ikaondoka na mkeka wake.
Nguvu ya kuita, na mtu akageuka.

Hapakuja moto.
Hapakuja sauti ya maji mengi.
Lilikuja debe.

Nalijua. Debe langu la kupimia asali ya watu,
lile nililolibembeleza kwa nyundo usiku mmoja wa Juni,
kutokea ndani, taratibu, nimelifunika gunia lisilie,
mpaka ubavu ukatuna kama wa mbuzi aliyeshiba.
Lita mbili za ziada. Hakuna jicho linaloziona.
Miaka sita limekunywa jasho la warina asali,
na Jumapili mimi ndiye ninayeshika kapu la sadaka.

Nikasema, Bwana, tuzungumzie nguvu.
Debe.
Nikaimba. Debe.
Nikakemea, nikidhani ni yule mwovu,
nikakemea mpaka koo likakauka.
Lakini tangu lini adui akamkumbusha mtu deni?

Kalunde alinipokea mlangoni na uji.
"Umeshuka mapema. Mungu amesemaje?"
Nikanyamaza. Akaitazama kona lilipokaa debe,
kisha akanitazama mimi.
Kumbe gunia lile halikuzuia kitu.

Basi nikabeba pesa za tumbaku, zile za bati la nyumba,
nikasukuma baiskeli kwenye mchanga hadi kwa Nyanzala,
mjane wa Luhende. Miyombo ilikuwa imetoa majani mekundu.
Nikamweleza nikiwa nimesimama; hakunipa kigoda.
Alizihesabu noti mara mbili.
Halafu, bila kupandisha sauti:
"Luhende alikufa akidhani nyuki wamemkataa.
Alikuwa akienda porini usiku, anaongea na mizinga,
anaiomba radhi."
Akaingia ndani. Nikasikia komeo.

Habari za nguvu nimehubiriwa tangu utoto.
Hakuna aliyeniambia kwamba huanzia hapa,
uani kwa mtu, juani,
huna la kusema, na kuku wanadonoa kamba za viatu vyako.

Yalibaki majina kumi na manne.
Kwa wengine nilipewa maji. Kwa Msabila nilipewa kofi.
Bati hatukununua; mvua ya kwanza ilitukuta chini ya nyasi zilezile,
tukahamisha kitanda mara tatu, Kalunde akacheka gizani,
na sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka.
Usiku ule nilisali Baba Yetu,
na pale penye makosa sikukimbia.
Nilipita polepole,
kama anayekanyaga mbao moja moja za daraja bovu.

Februari mtoto wa Msabila alishikwa na degedege.
Walikuja kuniita mimi. Mihayo alikuwapo, lakini waliniita mimi.
Niliweka mkono. Maneno yalikuwa machache, sikuyapaza.
Alfajiri homa ilishuka.
Huenda ni dawa ya zahanati; sikuuliza.
Msabila alinisindikiza mpaka barabarani
ameushika mkono wangu
kwa kiganja kilekile.

Debe nililigonga tena, mchana, uani, bila gunia,
watoto wa jirani wakihesabu mapigo.
Halijanyooka sawasawa. Lina makunyanzi.
Nimelijaza maji mara tatu kuhakikisha: lita ishirini.
Hata hivyo, nikinunua, naliacha lipungue ukingoni
upana wa kidole.
Kidole hicho ni cha Luhende.